Kijiko cha Kuonjea

Juzi usiku umeme ulikatika tukiwa mkekani tunakula. Feni ilipunguza mwendo, ikavuta pumzi ya mwisho, ikanyamaza. Dada yangu akainuka kutafuta taa ya chaji. Tukakaa kimya gizani. Ndipo mwanawe, mpwa wangu mdogo kuliko wote, akauliza: "Mjomba, nani huwa anaamua umeme wetu utoke wapi?"

Tonge langu likabaki hewani. Watu wengi huuliza umeme utarudi saa ngapi. Huyu hakuuliza saa. Aliuliza nani anaamua. Nimekaa gizani na watu wazima wengi katika maisha yangu, na sikumbuki hata mmoja aliyeuliza hivyo. Nikamwambia, swali hilo ni zuri sana, mwanangu, sogea hapa. Nawe unayesoma, sogea. Mkeka ni mpana.

Tuanze na chungu. Kupika yai ni jambo la dakika tatu. Kupika pilau ya harusi ni jambo jingine. Mchele hununuliwa mapema, kuni hukusanywa mapema, sufuria kubwa huazimwa mapema. Anayesubiri wageni waketi ndipo aulize kuni ziko wapi, ameshachelewa. Umeme ni kama pilau ya harusi. Kituo cha kufua umeme huchukua miaka kujengwa, na kikishajengwa hukaa miaka mingi kuliko umri wa baba yako. Kwa hiyo kampuni ya umeme lazima iangalie mbali. Watu watakuwa wangapi? Majokofu mangapi? Na chini ya chungu tuweke kuni gani: makaa ya mawe, gesi, maji ya mto, jua, upepo?

"Basi wanaamua wapishi," akasema mpwa wangu.

Umesema kweli. Karibu kila mahali duniani, kwa miaka mingi, wameamua wapishi. Wahandisi na wahasibu hukaa chumbani wakapanga. Sisi tunaletewa sahani, na pembeni ya sahani tunaletewa bili.

"Na walaji hawaulizwi?"

Pana mahali walipoulizwa, tena wakaulizwa vizuri. Nataka nikupeleke huko.

Ni Marekani, katika jimbo la Texas. Jimbo hilo peke yake ni kubwa kuliko Kenya nzima. Chini ya ardhi yake kuna mafuta na gesi tele. Juu yake kuna joto kali la kiangazi, na karibu kila nyumba ina kiyoyozi kinachonguruma. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni za umeme za huko ziliwekewa sharti: kabla ya kupanga umeme wa miaka ijayo, zitafute maoni ya wateja. Sharti zuri. Lakini, mwanangu, kuuliza ni kazi. Unaweza kuuliza watu elfu na usiambulie kitu.

Fikiria umeitisha mkutano wa hadhara uwanjani. Nani atakuja? Atakuja mwenye sauti kubwa. Atakuja mwenye nafasi. Atakuja mwenye jambo lake mfukoni. Mama anayekaanga maandazi alfajiri hatakuja. Mlinzi wa usiku hatakuja, amelala. Mwishoni utasema umeuliza watu, kumbe umeuliza wale wale.

Sasa fikiria umempigia mtu simu. "Halo, unataka umeme wa makaa ya mawe au wa upepo?" Mtu huyo ana mtoto mgongoni na ugali unaanza kuungua. Atajibu lolote ili awahi mwiko. Hajasema uongo. Ila jibu lake ni bichi.

Palikuwa na profesa katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, anaitwa James Fishkin. Alikuwa amelifikiria jambo hili siku nyingi. Mwaka 1994 alikwishajaribu njia yake Manchester, Uingereza, watu wakazungumzia uhalifu. Kampuni za umeme za Texas zikamwendea. Njia yake ina mambo mawili, na yote mawili yamo jikoni kwa mama yako.

La kwanza ni kijiko. Mama akitaka kujua kama mchuzi umekolea chumvi, je, hunywa sufuria nzima?

"Hapana! Anaonja kidogo."

Anaonja kidogo. Na sufuria ikiwa kubwa ya harusi, je, huleta beleshi la kuonjea? Hapana. Kijiko ni kile kile. Ila kuna jambo moja hasahau kamwe: hukoroga kwanza. Asipokoroga, atachota mafuta yaliyoelea juu, aseme mchuzi wote ni mafuta. Kuwakoroga watu ni kuwachagua kwa bahati nasibu. Chukua kokoto moja kwa kila nyumba, zitie zote ndani ya mfuko, tikisa sana, fumba macho, toa chache. Kokoto ya tajiri na kokoto ya maskini zina nafasi sawa. Mwenye sauti kubwa na mwenye haya wana nafasi sawa. Ndiyo maana watu 200 waliochotwa vizuri wanaweza kutuonjesha mji mzima.

La pili ni moto. Mchuzi uliochotwa ukiwa mbichi utakuonjesha ubichi. Lazima uupe muda. Watu nao wapewe muda, wapewe habari za kweli, wapewe na mtu wa kuzungumza naye. Ndipo uwaulize.

Hapa nitamwita Mita atusaidie. Mita huyu ni wa hadithi, mdomo nimempa mimi. Bibi mwenye nyumba yake naye ni wa hadithi. Lakini mji wa Corpus Christi upo kweli, kando ya bahari, na mkutano ulikuwepo kweli, mwaka 1996. Haya, Mita, sema.

"Mimi ni Mita. Nimetundikwa ukutani, nje ya nyumba. Jua linanichoma, upepo wa bahari unanipepea. Kazi yangu ni kuzunguka na kuhesabu. Bibi akiwasha taa, nazunguka, nahesabu. Akiwasha kiyoyozi, nazunguka mbio, nahesabu. Hakuna anayenisemesha, ila msoma mita akija huninong'onea namba zangu mwenyewe.

"Siku moja simu ililia. Nilisikia kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. Bibi aliulizwa maswali mengi juu ya umeme. Kisha akaalikwa: njoo mkutanoni mwisho wa wiki, mkae na wateja wenzako, mzungumze juu ya umeme wa kesho. Bibi akacheka. 'Mimi? Mimi najua kuwasha taa na kuzima taa, basi.' Nilitamani kumwambia, Bibi, mimi hapa ni shahidi, umeulipia umeme huu miaka na miaka. Nani ana haki ya kuulizwa kama si wewe? Lakini mita hana sauti. Nikazunguka, nikahesabu.

"Kikaja kijitabu. Bibi alikisoma usiku, taa ikiwaka, nami taa ile niliihesabu."

Ngoja, Mita, pumzika kidogo. Mpwa wangu ananivuta kanzu.

"Kijitabu kiliandikwa na nani? Kama kimeandikwa na kampuni, si kitaisifu kampuni?"

Ona akili hiyo! Dada, umemsikia mwanao? Hapo ndipo mikutano mingi huharibika. Kampuni ikiandika peke yake, kitabu kitavutia upande wa kampuni. Kwa hiyo huko Texas waliwekwa watu wasiokubaliana, wakakipitia pamoja. Palikuwa na watu wa kampuni. Palikuwa na watetezi wa mazingira. Palikuwa na watetezi wa wateja wadogo, na wenye viwanda wanaotumia umeme mwingi. Ni kama ndugu wanaogombea shamba la baba yao wanapotembea pamoja kwenye mpaka. Kila mmoja anamchunga mwenzake asisogeze jiwe. Jiwe likibaki mahali ambapo wote wanasema "sawa", hapo pana ukweli wa kuaminika.

Mita, endelea.

"Kijitabu kilitaja njia nne. Ya kwanza, kujenga vituo vya makaa ya mawe au gesi. Ya pili, kuchukua nguvu ya upepo na jua. Ya tatu, kuwasaidia watu watumie umeme kidogo kwa kazi ile ile. Ya nne, kununua umeme kwa jirani na kuuvuta kwa nyaya. Bibi alisoma, akafunga, akafungua tena. Akauliza hewani, 'Na upepo ukilala?' Nikatulia, kwa maana mimi naishi na upepo, na najua hulala.

"Ijumaa Bibi akafunga nyumba, akaondoka. Alizima kila kitu isipokuwa jokofu. Siku zile nilizunguka pole pole. Nikawa nawaza, wanasema nini huko?"

Mita hakuwapo, kwa hiyo nitaeleza mimi. Watu zaidi ya 200, wateja wa kampuni ya Central Power and Light, walikusanyika. Wengine walitoka mbali, wakalipiwa safari na mahali pa kulala, maana usipomlipia nauli asiye na nauli, umeshamtoa mfukoni kabla hujachota kokoto. Wakagawanywa vikundi vidogo. Kila kikundi kilikuwa na msimamizi, na kazi yake haikuwa kufundisha. Alikuwa kama mtu anayeshika mlango: huyu apite, yule apite, mnene asimzibe mwembamba. Mwenye haya akaulizwa, mama, wewe unaonaje?

Kisha vikundi vilitunga maswali yao wenyewe, vikayapeleka ukumbini mbele ya wataalamu. Tena wataalamu hao walikuwa wa pande mbalimbali, mmoja akisema hivi na mwingine akisema si hivyo. Wajumbe wa Tume ya Huduma za Umma ya Texas, ambao ndio wenye kukubali au kukataa mipango ya kampuni, nao walikaa wakaulizwa na wakasikia kwa masikio yao. Mwishoni kila mtu akajaza peke yake maswali yale yale aliyoulizwa mwanzo kwa simu. Hakuna aliyeinua mkono mbele ya jirani. Hakuna aliyeshinikizwa akubaliane na mwenzake.

"Wakajibu nini?"

Nilijua utauliza. Kaa vizuri.

Mwanzo, Corpus Christi, watu wengi waliweka upepo na jua mbele ya kila kitu. Wakasikia habari za mawingu. Wakasikia habari za upepo unaolala, kama alivyouliza Bibi. Baada ya mkutano, wengi walihamisha chaguo lao la kwanza, wakaliweka kwenye njia ya tatu: kutumia kidogo kwa kazi ile ile. Hiyo njia ya tatu unaijua. Ukipika maharage bila kufunika chungu, mkaa unaisha na maharage bado magumu. Ukifunika chungu, mkaa kidogo unatosha. Nyumba iliyozibwa vizuri isivujishe ubaridi wa kiyoyozi ni chungu kilichofunikwa. Jokofu lisilokula umeme mwingi ni chungu kilichofunikwa.

"Kwa hiyo waliuacha upepo?"

Hapana! Hapa ndipo pananifurahisha kila nikipakumbuka. Waliulizwa pia kuhusu pesa. Je, uko tayari kuongeza kidogo kwenye bili yako ya kila mwezi ili umeme utoke kwenye upepo na jua? Mikutano hii ilifanyika minane, kampuni moja baada ya nyingine, kati ya 1996 na 1998. Sasa chukua watu 100 kutoka mikutano yote hiyo uwapange hapa uani. Kabla ya kuzungumza, 52 walikuwa tayari kuongeza. Ni nusu na kidogo tu. Baada ya kuzungumza, walikuwa 84! Wakaulizwa kama wangeongeza kidogo ili watu wasaidiwe kufunika vyungu vyao. Kabla, 43. Baada, 73.

Fikiria, mwanangu. Hii ni Texas, nchi ya mafuta. Wapishi walikuwa wamezoea kuamini kwamba mlaji hajali kingine ila bei iwe chini. Na ukimpigia simu ugali ukiungua, huenda kweli atasema, bei iwe chini. Lakini mketishe. Mpe kijitabu walichokipitia rafiki na mpinzani. Mketishe karibu na mwalimu mstaafu, karibu na dereva wa lori, karibu na mama mwenye mtoto anayekohoa. Mtu yule yule, mfuko ule ule, anaanza kuwaza mbali zaidi ya mwezi huu. Mimi naamini watu hawakubadilishwa pale. Walipewa nafasi ya kuwa vile walivyo wakiwa wametulia.

Wala si kwamba walikubali tu chochote. Uliona walivyoupima upepo: tunautaka, tutauchangia, lakini hatutautegemea peke yake. Jibu la namna hiyo, lenye "ndiyo" na "lakini" ndani yake, huwezi kulipata kwa simu ya dakika tano.

"Mita alisemaje Bibi aliporudi?"

"Bibi alirudi Jumapili jioni," anasema Mita. "Hakuwasha taa zote kama zamani. Akatoka nje, akasimama mbele yangu. Miaka yote ile hajawahi kunitazama! Akaniangalia nikizunguka, akasema, 'Kumbe wewe ndiye.' Nikazunguka, nikahesabu. Lakini siku ile nilizunguka kwa furaha."

Yaliyofuata ni marefu, nitayapita haraka. Kampuni zikaanza kuingiza upepo kwenye mipango yao. Mwaka 1999 bunge la Texas lilipitisha sheria, na gavana wa wakati ule, George W. Bush, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, akaitia saini. Ndani yake mlikuwa na sharti la kujenga mitambo mipya ya megawati 2,000 za nishati jadidifu kufikia mwaka 2009. Nishati jadidifu ni ile isiyokwisha ukiitumia, kama upepo na jua. Megawati 2,000 ni kiasi gani? Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa mikubwa, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo ni karibu sawa na hilo, ila tu mto hautulii ghafla kama upepo unavyotulia.

Texas ililifikia lengo lake kabla ya wakati, ikalipita. Mwaka 2006 iliipita California kwa umeme wa upepo, ikawa ya kwanza katika Marekani yote. Na kuna mji unaitwa Abilene, upande wa magharibi. Wateja wa kampuni ya huko nao walikaa mwaka 1996 wakazungumza. Miaka kumi baadaye, karibu na mji wao, shamba la upepo la Horse Hollow lilikuwa limekamilika, megawati 735, na kwa wakati ule lilikuwa kubwa kuliko yote duniani. Mlaji wa Abilene akitoka nje ya mji aliweza kuiona kwa macho ile kuni aliyoichagua, ikizunguka juu ya vilima.

"Kwa hiyo wale watu ndio walioleta upepo Texas?"

Polepole hapo. Mimi sitaki kukudanganya kwa sababu hadithi ni tamu. Chungu hakikai juu ya figa moja. Mitambo ya upepo ilikuwa inashuka bei. Serikali kuu ilikuwa inawapunguzia kodi waliojenga. Wafanyabiashara waliona faida, na wenye mashamba walilipwa kwa kukodisha ardhi yao. Hayo yote ni mafiga. Lakini figa moja lilikuwa la wale watu waliochotwa mfukoni, na bila hilo wakubwa wangeendelea kusema wateja hawataki. Hawakuweza tena kusema hivyo. Walikuwa wameketi ukumbini wakasikia.

Mpwa wangu akanyamaza. Nikadhani amelala. Kumbe anafikiri.

"Na kwetu je, Mjomba? Tuliwahi kuulizwa?"

Tuliwahi kuonjwa, mara moja ninayoijua vizuri. Ilikuwa 2015, na habari yenyewe ilikuwa gesi, ile iliyogunduliwa kusini, baharini huko Lindi na Mtwara. Watafiti waliwauliza Watanzania 2,001 waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Kati yao, watu 400 walichaguliwa tena kwa bahati nasibu, wakaalikwa Dar es Salaam kwa siku mbili. Mkulima, mvuvi, mama wa nyumbani, mtu ambaye hajawahi kupanda jukwaa. Wakazungumza kwa Kiswahili chetu hiki. Gesi tuiuze nje au tuitumie nyumbani? Pesa yake tuitumie sasa au tuiwekee akiba? Nani awachunge wanaoichunga? Profesa Fishkin naye alikuwa miongoni mwa walioandaa. Nilipozisikia habari hizo nilijisikia fahari, maana hakuna aliyesema haya mambo ni mazito mno kwa mwananchi.

Ila kuna tofauti, na mimi naiona ni kubwa. Mkutano ule wa Dar es Salaam ulikuwa wa watafiti. Ule wa Texas uliitwa na mpishi mwenyewe, huku kuni hazijanunuliwa, naye mwenye kukubali mpango akiwa ukumbini. Kuonja kuna faida kubwa chungu kikiwa bado jikoni, na chumvi bado iko mkononi. Natamani siku moja kampuni ya umeme ya huku kwetu iwaite wateja wake hivyo, wachotwe kwa kokoto, waulizwe kabla mpango haujapigwa muhuri. Natamani sana. Wewe unayesoma una miaka mingi mbele yako, nawe huenda ukachotwa. Kijitabu ukisome.

Umeme ulikuwa bado haujarudi. Mpwa wangu alichukua bakuli la kunde ambazo mama yake alikuwa ameanza kuzichambua, akaanza kutoa moja moja na kuzipanga mkekani. Hii ya kwa fundi cherehani. Hii ya kwa mzee wa baiskeli. Hii ya kwa mama maandazi. Anahesabu nyumba za mtaa wetu, kunde moja kila nyumba.

Alipofika ya kumi na saba akasimama. Alitaka kujua kama mlinzi wa kwenye ghala ahesabiwe, maana usiku hayupo nyumbani.

Nikamwambia ahesabiwe.

"Basi mkutano uwe jioni," akasema, "kabla hajaenda kazini." Akaongeza kunde moja.